Figo ya Kinya na Namba za Nyamu

Jumamosi, 1 Machi
Miezi minne na figo ya dada yangu Kinya tumboni. Inafanya kazi kuliko mimi mwenyewe. Tatizo ni Nyamu wa Kiambere, tuliyepandikizwa naye wiki ileile. Kila kliniki anatangaza kreatinini yake, ule uchafu ambao figo huuchuja kwenye damu. Tisini na nane. Yangu mia moja ishirini na moja. Ya chini ndiyo bora. Inauma.

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata! Miaka ishirini nimelima kahawa hapa Githongo. Mkaguzi akisema anakuja, mimi hunyunyizia dawa maradufu, na majani humng'aria. Figo itashindwa na mbuni, mti wa kahawa tu? Vidonge vya kuuzuia mwili usiikatae figo ni viwili asubuhi, viwili jioni. Leo nimemeza vinne, kisha vinne.

Jumatano, 5 Machi
Kliniki, Embu. Nesi Nelius alishatuonya kwamba siku ya kipimo tusimeze mpaka damu itolewe. Nikameza vinne nyumbani, kumalizia kazi. Mikono inatetemeka. Chai imeishia kwenye suruali. Nyamu akauliza kama nasikia baridi. Nikamwambia ni furaha.

Ijumaa, 7 Machi
Wamenipigia simu nirudi haraka. Mia moja sitini na nane! Daktari alisema huenda mwili umeanza kuikataa figo, na sindano ingechukua kipande chake kikachunguzwe. Kinya alikuwa kando yangu. Hakulia. Alishika ubavu wake, pale penye kovu, akaniuliza kwa Kimeru kama alinipa figo mbovu. Nikakiri yote, mpaka habari ya mkaguzi wa kahawa. Daktari akatazama kipimo cha dawa kwenye damu yangu, akaeleza kwamba ikizidi huiumiza figo ileile inayoilinda. Sindano ikaahirishwa. Nelius akanikumbusha kwamba mimi si mbuni.

Jumatatu, 17 Machi
Mia moja kumi na nane. Figo ya Kinya iko salama. Nimelia kwenye choo cha kliniki, nikanawa uso, nikatoka kama mwanaume. Mungu ni mwema. Kinya amecheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Vidonge sasa anavifungia kabatini kwake, nami nameza mbele yake kama mtoto wa nasari. Nimemwapia sitaongeza hata kimoja.

Nyamu: tisini na sita.

Lakini nimeapa juu ya vidonge tu. Maji Kinya hakuyataja. Na kahawa iliyozidiwa na dawa mimi huimwagilia sana, siku moja kabla ya mkaguzi. Mtungi wa lita ishirini uko chini ya kitanda, umejaa.