Majoho ya Mzinga wa Malkia

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa. Asubuhi mama mkwe, mwenye karakana hii ya ushonaji, alisimamisha cherehani zote nne akatangaza kwamba magoti yamemchosha. Jumamosi, majoho ya kwaya yakishachukuliwa, atamtaja msimamizi. Msimamizi atakaa kwenye cherehani ya dirishani, penye mwanga na upepo. Mimi nakaa mlangoni, penye vumbi na watu wanaouliza njia.

Alisema hayo akituangalia wawili tu: mimi na shemeji, mdogo wa kiume wa mke wangu. Mke wangu mwenyewe alishakataa. Anasema hawezi kuniamrisha mchana, halafu jioni tena.

Shemeji ndiye anayekata vitambaa. Mpole, msafi, na muda wote ana pini mdomoni, kwa hiyo huu ni mwaka wa sita sijaelewa sentensi yake hata moja. Huyo atamsimamia nani?

Halafu mimi nina kitu ambacho yeye hana. Kalamu! Tovuti moja ya mapitio ya michezo imenichukua kuwa mhakiki wa majaribio. Nimepewa mchezo wa sloti wa mtandaoni uitwao Mzinga wa Malkia. Unabonyeza kitufe, safu za picha zinazunguka, zikisimama picha zikilingana umeshinda. Sarafu nilizopewa ni za kujaribia tu, hazinunui hata sindano. Mapitio yakipendeza, natangazwa Mhakiki Mwandamizi. Mama mkwe atamnyima vipi usimamizi mtu ambaye tayari ana cheo? Cheo huvuta cheo.

Jumanne, 5 Machi

Kwaya ilikuja kupimwa. Watu kumi na sita. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, nilipewa daftari la vipimo, lile lenye jalada la kaki mbele na nyuma. Nikaandika kila kitu kwa uaminifu. Besi wa nyuma: tumbo linazidi kifua, liachiwe nafasi. Soprano wa kwanza: hataki kupimwa kiuno, nimekisia. Mwalimu wao, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kengele, aliuliza kama majoho yatakuwa na chochote cha kuwatofautisha na kwaya nyingine siku ya mashindano. Mama mkwe akamjibu kwamba joho ni joho.

Walipoondoka nikatandaza kitambaa mapajani, simu chini yake, nikaingia Mzingani. Raha iliyoje! Safu ni sita. Kila moja inaanza na vyumba vitatu vya asali, na kila ukishinda zinapanuka, vinne, vitano, mpaka saba. Nyuki wanavuma. Malkia wa dhahabu akitua katikati anaijaza safu nzima, juu mpaka chini. Mke wangu akauliza mbona kitambaa changu kinavuma. Nikamwambia ni tumbo. Akaniletea maji ya tangawizi, nikayanywa yote ili kulinda siri.

Tatizo: niandike wapi? Karatasi ovyo mama mkwe ataziona, ana macho ya kuona uzi mweusi gizani. Ndipo nikapata wazo. Nimeligeuza daftari la kaki, nikaandika mapitio kuanzia nyuma. Na juu ya ukurasa nimeweka kichwa cha habari kwa herufi kubwa: MTINDO. Mtu akifunua atadhani ni kazi. Akili ni nywele, kila mtu na zake, na zangu leo zimechanwa vizuri sana.

Nimeandika hivi, nanukuu kwa sababu pamenoga: "Safu sita. Kila safu inaanza na tatu, inapanuka hadi saba. Ukishinda, inazidi kupanuka yenyewe. Malkia wa nyuki, dhahabu, katikati, ajaze kuanzia juu hadi chini. Taji tatu zikitokea, kumi za bure." Hizo kumi ni mizunguko ya bure, unazungushiwa mara kumi bila kupunguziwa sarafu. Msomaji ataelewa.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji aliomba daftari ili aanze kukata. Nadhani aliomba. Alinyoosha mkono na pini zikacheza. Nikampa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshapiga picha ukurasa wangu na kuutuma kwa mhariri wa tovuti. Kuandika herufi moja moja kwa kidole gumba si kazi ya mhakiki. Picha nilipiga haraka, chini ya meza ya pasi, mama mkwe akiwa anakaribia. Imetoka na giza kidogo lakini maandishi yapo.

Baada ya hapo nikatulia kwenye kazi. Kola nne, pindo mbili, na mikono ambayo shemeji alikuwa ananirushia. Nilishona huku nikizungusha. Mchana nilipata taji tatu, mizunguko kumi ya bure, sarafu zikafika laki mbili. Nilimnong'oneza mke wangu kwamba nina laki mbili. Akaniambia basi ninunue mkaa. Nikamweleza kwamba si laki mbili za aina hiyo. Akasema alijua.

Saa moja baadaye Mzinga ulikuwa umezirudisha zote. Huwa unafanya hivyo, nimeona. Nimekusudia kulitaja hilo kwenye mapitio, lakini mapitio yameshaondoka.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa.

Leo mama mkwe aliinua joho la kwanza lililoshonwa, akaliangalia, akakaa chini. Mikono ya joho ina safu sita za marinda, moja juu ya nyingine. Kila safu begani ni inchi tatu, ikishuka inapanuka hadi saba. Mama mkwe akauliza ni nani kaagiza kitu hiki. Shemeji akafunua daftari la kaki, upande wa nyuma, akaweka kidole penye neno MTINDO.

Kumbe mtu huyu husoma daftari mpaka mwisho! Vipimo kavitoa mbele, akageuza, akakuta mtindo, akaufuata neno kwa neno. Penye "ukishinda, inazidi kupanuka" hakuelewa kushinda mchezo. Alielewa kushinda mchana kutwa nalo mwilini. Kwa hiyo kakata kitambaa mshazari, ili mwenye joho akishinda nalo, marinda yalegee na kuzidi kufunguka. Hayo alinieleza mke wangu, ambaye anaelewa lugha ya pini tangu utotoni.

Majoho yote kumi na sita yameshakatwa hivyo, kitambaa kimekwisha, kwa hiyo mama mkwe akaamuru yamaliziwe hivyo hivyo. Na nimegundua kwamba mikono minane nimeishona mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, macho yangu yakiwa Mzingani.

Mama mkwe akauliza mwandiko ni wa nani. Nikasema si wangu. Nikaongeza kwamba mimi "s" yangu ina mkia. Mke wangu alinitazama, akarudi kwenye vifungo vyake.

Ijumaa, 8 Machi

Mabaya hayaji peke yake. Asubuhi nilikuta mke wangu anatarizi nyuki. Nyuki wa uzi wa dhahabu, kifuani mwa joho, kichwa kwenye kola na mkia tumboni. Huyo ni wa kumi na moja, alisema, bado watano. Nikamuuliza kwa nini analitarizi dubwana hilo. Akajibu kwamba mtindo umesema malkia ajaze kuanzia juu hadi chini, na kwamba tangu tuoane hajawahi kupewa kazi tamu kama hii.

Kwenye kona shemeji alikuwa anamalizia kofia kumi ndogo zenye ncha tatu, kwa mabaki ya kitambaa. Taji tatu, kumi za bure. Zawadi kwa mteja.

Nilitoka nje nikapiga hesabu. Kesho mwalimu wa kwaya atayaona, atayakataa, mama mkwe atatafuta wa kumtupia lawama, na cherehani ya dirishani nitaiona kwa macho tu. Lazima lawama iwe na mwenyewe, na mwenyewe asiwe mimi.

Nikarudi nikaandika tamko. Ukurasa mzima, "s" zote zina mkia: "Mimi mkwe wa karakana hii natamka kwamba mtindo wa majoho haya, yaani marinda, nyuki na kofia, sikuubuni, sikuuandika wala kuuota. Umetoka kwa shemeji peke yake tangu mwanzo hadi mwisho." Nikatia sahihi. Nikamwomba mke wangu aweke yake kama shahidi. Akauliza kama nina hakika. Nikasema sijawahi kuwa na hakika kama leo. Akauliza mara ya pili. Nikamwambia atie sahihi, ananichelewesha. Akatia.

Mama mkwe alilisoma, akalikunja, akaliweka kifuani. Shemeji alijaribu kusema kitu, kirefu, mikono ikionyesha upande wangu. Kwa bahati njema pini zilikuwa mdomoni.

Nimelala mchana nusu saa, usingizi wa mtu asiye na deni.

Jumamosi, 9 Machi



Kwaya ilifika saa nne. Mama mkwe aliwaomba radhi kabla hata hawajakaa. Besi wa nyuma akavaa wa kwanza, na tumbo lake likapata nafasi. Mwalimu akamwambia ainue mikono. Akainua. Safu sita zikafunguka zote, tatu ikawa saba, kushoto na kulia, na yule nyuki wa dhahabu katikati akawa kama ameota mabawa.

Nilijisogeza nyuma ya meza ya pasi.

Kisha mwalimu akaanza kulia. Si kwa hasira. Alisema miaka tisa anawafundisha hawa watu kuvuma kwa midomo iliyofungwa kama nyuki, hiyo ndiyo sifa ya kwaya yao, na miaka tisa wanavaa mashuka. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu amewasikiliza kwa sindano. Wakavaa wote. Wakainua mikono wote, wakavuma. Karakana ikajaa mabawa, pini zikacheza kwenye sahani, mama mkwe akasahau magoti akasimama bila kushika kitu. Na mimi, lazima niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma, nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kazi ilikuwa nzuri. Zile kofia za bure wakazigombania.

Mwalimu akauliza mbunifu ni nani. Nikatoka nyuma ya meza ya pasi. Nikanyoosha kola. Nikaanza kusema kwamba mtu hapendi kujisifu, lakini.

Mama mkwe akaingiza mkono kifuani, akatoa karatasi, akaisoma kwa sauti mbele ya kwaya nzima. Sikuubuni, sikuuandika wala kuuota. Peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Kwaya ikampigia shemeji makofi. Mwalimu akanishika bega akasema ni wakwe wachache wenye roho safi ya kumwandikia shemeji sifa kama hizi, tena na shahidi.

Shemeji, Mungu ambariki, akatoa pini zote mdomoni. Mara ya kwanza kwa miaka sita. Ana sauti nzuri, kumbe. Akasema wazi kwamba mtindo ni wa shemeji yake, yeye alikata tu alichokisoma. Mama mkwe akatikisa kichwa akasema mnaona, hata sifa yake anagawa, na mtu wa namna hiyo ndiye wa kusimamia watu. Akamtaja hapo hapo. Cherehani ya dirishani ikapata mwenyewe.

Nilimwangalia mke wangu. Akasema aliniuliza mara mbili.

Jumapili, 10 Machi

Nyumbani. Nimejilaza. Aliyelikoroga hulinywa, na mimi nalinywa bila sukari.

Mchana ukaja ujumbe wa mhariri. Amefurahi! Anasema amepokea mapitio kumi na mawili ya Mzinga wa Malkia na yote yanafanana, ila yangu. Amependa hasa mstari huu: "Tumbo linazidi kifua, liachiwe nafasi." Anasema hajawahi kuona safu zinazopanuka zikielezwa kwa lugha nyepesi na nzito kiasi hicho. Na "hataki kupimwa kiuno, nimekisia" ameuelewa kama onyo kwa wachezaji kwamba mchezo hautabiriki. Nyota tano.

Nilisoma mara tatu kabla ya kuelewa. Nilikuwa nimepiga picha upande wa mbele.

Basi mimi ni Mhakiki Mwandamizi. Nilimwonyesha mke wangu. Alicheka mpaka akaketi sakafuni, kisha akanibusu kwenye paji la uso, akasema ameolewa na mtu ambaye hachoshi. Jioni shemeji alikuja kula. Aliniita mkuu, kwa utani. Hakuwa na pini, tukaongea mpaka chakula kikapoa. Mtu mcheshi sana yule.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekaa mlangoni, penye vumbi. Watu wawili wameshauliza njia. Lakini moyo mweupe, maana makosa yangu nimeyachambua moja baada ya jingine na nimepata jibu. Kosa halikuwa simu. Halikuwa tamko, wala kuandika mapitio kwenye daftari la kazi. Kosa lilikuwa kuanzia nyuma.

Mhariri amenitumia mchezo mpya. Samaki. Safu nane, zinajipanua kwenda chini kama wavu, na pweza akitokea anashika kila kitu. Safari hii nimeandika katikati ya daftari, mahali ambapo hakuna anayefika. Kichwa cha habari nimekiboresha. Nimeandika: MTINDO MPYA.

Msimamizi amekuja sasa hivi na pini zake mdomoni. Amepata oda ya sare za manesi arobaini, anataka daftari. Nimeangalia jalada. La kaki. Ndilo lenyewe, nimempa.