Msiba Si Dharura

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi. Ndoo ya maji imeganda juu. Upepo wa Agosti umeshaanza kuhamisha mabati ya watu.

Tlotliso amenishinda tena. Tlotliso ni mtoto wa jirani, tuko darasa moja, ana bleza mpya na sauti ya mtangazaji wa redio. Leo pale bombani, mbele ya wasichana wote, ameniuliza mama yangu amefika somo la ngapi. Akasema mama yake, 'M'e 'Matlotliso, yaani Mama Tlotliso, yuko la saba. Wako bado anahesabia vidole? Wasichana wakacheka. Na mimi nikacheka! Sijui kwa nini. Mdomo wangu hufunguka pale unapotakiwa kufungwa, na unapotakiwa useme, umekauka.

Mambo yenyewe ni haya. Mama anashona zipu za jinzi kiwandani, hapa Maputsoe. Mwaka huu kiwanda kimeanzisha akiba ya dharura. Anayetaka anakatwa kidogo kila mwezi, anawekewa. Akimaliza masomo manane ya fedha kwenye simu kabla ya Ijumaa hii, kiwanda kinamwongezea maloti mia tano. Bure! Mama yuko somo la pili tangu Juni. Simu haziruhusiwi kiwandani, kwa hiyo anasoma jioni baada ya kula. Anasoma kwa sauti, kidole kwenye kioo, anarudia, anamfafanulia Nkhono, bibi yangu mzaa baba, kisha usingizi unamchukua kichwa kikiwa ukutani. Kesho yake anaanza upya. Anasema hataki kumaliza, anataka kuelewa.

Kuelewa! Kwa mwendo huu ataelewa mwaka nitakaooa.

Nimepata wazo. Baba angekuwapo angejivuna, lakini Baba yuko migodini Welkom, na kinachofika kutoka kwake ni salamu tu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemaliza! Masomo sita kati ya kutoka shule na Mama kurudi. Namba ya siri ya simu yake ni mwaka niliozaliwa. Niliona aibu kidogo kuibonyeza. Kidogo tu.

Nilichagua Kiingereza. Shuleni fedha tunafundishwa kwa Kiingereza. Kwa Kisotho tunalia na kuomba chumvi.

Maswali mepesi. Moja tu lilinisimamisha: je, mazishi ni dharura? Nikatabasamu. Msotho yeyote angejibu ndiyo kabla swali halijaisha. Mama angejibu ndiyo kisha angeanza kuwakumbuka marehemu wote. Mimi nikasoma maelezo. Kifo hakiepukiki, kwa hiyo kinatarajiwa, kwa hiyo kina mpango wake, yaani chama cha mazishi. Nikajibu hapana. Nyota tano!

Mwisho ukatakiwa uchague matukio matatu, na hayo tu ndiyo yatafungua akiba yako. Nikachagua ugonjwa, moto, kufukuzwa kazi. Msiba nikauacha. Simu ikarusha maua ya rangi rangi na kuniita mtu mwenye nidhamu. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nilisoma mara mbili.

Jumatano, 6 Agosti

Mama kapigiwa makofi! Laini nzima ya zipu, washonaji wote. Msimamizi kasema waige mfano wa Mama, 'Makhauhelo, kimya kimya hadi mwisho. 'M'e 'Matlotliso naye kamaliza leo, asubuhi, na hakuna aliyempigia hata kofi moja. Raha iliyoje!

Ila Mama karudi hana furaha. Kafungua simu, kakuta kila kitu Kiingereza. Kaniuliza kama simu inaweza kusoma yenyewe. Nikasema simu za siku hizi zina akili. Kasema basi simu imeondoka na somo la bima, alikuwa analisubiri lile. Kafuta kioo kwa pindo la aproni, kairudisha kwenye chaji.

Nilijisikia kama mtu aliyemlia mtoto pipi. Nikala papa, ugali wetu, mara mbili ili nisahau. Sikusahau, nikavimbiwa.

Jumanne, 12 Agosti

Mjomba Tšokolo amefariki. Huko Mokhotlong, milimani. Kifua.

Siwezi kuandika vizuri. Ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi. Mtu pekee ambaye mbele yake sikuona haya. Ukikaa naye kimya, naye anakaa kimya, na hiyo inahesabiwa kuwa mazungumzo.

Mazishi Jumamosi alfajiri. Mama ni dada yake wa pekee. Wazazi wao hawapo. Blanketi la kumfunika kaka juu ya jeneza linatoka mkononi mwa dada, na udongo wa kwanza ni wake. Chama cha mazishi cha Mama kinazika mume, watoto na wazazi. Kaka hayumo. Mama hata hajalia. Anazunguka chumbani na kuuliza kuta nani atamfunika Tšokolo.

Kisha kajipiga paji la uso. Akiba! Si ndiyo maana ya dharura? Kesho asubuhi anakwenda ofisini. Kanishika shavu, kasema Mungu alikuwa anajua alipomharakishia masomo yale.

Nikatoka kuchota maji, na ndoo ilikuwa imejaa.

Jumatano, 13 Agosti

Wamekataa.

Karani anaitwa Ausi Nthatuoa, yaani Dada Nthatuoa. Mama anasema ni mpole, na upole wake ndio uliommaliza nguvu. Kampa pole, kampa kiti, kafungua kompyuta. Kamwambia, "'M'e, uliandika mwenyewe kwamba msiba si dharura." Mama kasema haiwezekani, yeye ni Msotho. Ausi kamgeuzia kioo asome. Kiingereza. Kamwambia matukio hubadilishwa baada ya somo la marudio tu, nalo linafunguliwa Jumatatu ijayo. Na kifo kilichokwisha kutokea hakiingizwi.

Jioni Mama kanisimulia mara tatu. Kaniuliza mimi niliyesoma, je, mashine inaweza kumchukia mtu? Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema ni mimi, Mama, ni mimi. Nikasema labda mtandao.

Labda mtandao! Mimi ni mbwa. Hapana, mbwa angalau hubweka.

Alhamisi, 14 Agosti

Lazima nirekebishe. Nimekaa nimefikiri. Ugonjwa, moto, kufukuzwa kazi. Kazi sitaki afukuzwe. Ugonjwa unataka daktari. Moto unataka kiberiti.

Asubuhi, Mama alipokwisha toka. Kile kibanda cha matete tunachopikia. Mpango: nichome pembe moja, nipige picha, nizime kwa ndoo. Nilikuwa nimeipima pembe kwa mguu kabisa.

Picha ilitoka nzuri. Kisha nikamwaga ndoo. Ndoo ilikuwa barafu! Likatoka pande zima kama mkate, likatua miguuni pangu. Upepo ukaja. Kibanda kikaondoka chote kwa muda wa mtu kupiga chafya, na kipande cha tete kikaruka ua hadi kwenye kamba ya jirani, kikachagua, kati ya nguo zote za Maputsoe, bleza ya Tlotliso.

'M'e 'Matlotliso alitoka na mwiko. "Wewe mtoto wa 'Makhauhelo! Salamu hujui kutoa, kiberiti unajua kuwasha?" Nikasema samahani, ila kwa sauti ambayo niliisikia peke yangu. Akanijia karibu, mwiko juu. "Nini? Sema nisikie! Huyu hata akiungua ataungua kimya!" Tlotliso alishika bleza kama mtu aliyeshika paka aliyekufa. Bado ana mkono mmoja wa bleza. Nkhono yeye alikaa tu juani, fimbo mapajani, ananitazama. Ningependa angenigombeza.

Ijumaa, 15 Agosti

Mama kapeleka picha ofisini. Aliamini upepo. Ausi Nthatuoa kasema pole tena, moto unakubalika, alete tu barua ya chifu.

Chifu akaja na blanketi lake, akapigapiga majivu kwa buti, akauliza nani alikuwepo. Akamgeukia Nkhono. Nkhono hajawahi kusema uongo tangu enzi za mfalme asiyekumbukwa na mtu. Akainua fimbo, akaielekeza kwangu. Chifu akaandika alichoona: moto umewashwa na mwana wa nyumba.

Moto wa kujiwashia si dharura.

Mama hakunipiga. Alinitazama kama namba asiyoijua inayompigia. Kisha akaenda kukaa kwa wenzake wa laini ya zipu, nao wakaanza kuchanga, huyu sarafu, yule noti. Hata 'M'e 'Matlotliso alitoa, huku akinilaani. Nauli ilipotimia, gari la mwisho la milimani lilikuwa limeshaondoka. Blanketi jipya halikupatikana.

Ataondoka kesho alfajiri. Saa hiyo hiyo wanayozika.

Jumapili, 17 Agosti

Mama karudi mchana huu. Hakuwahi.

Aliwakuta watu wakinawa mikono kwa maji ya shubiri. Kaburi limefungwa, mawe yamepangwa. Walisubiri, wakamwambia, walisubiri mpaka jua likapanda. Akavua blanketi lake la mabegani, akalitandika juu ya udongo. Upepo ukalinyanyua. Watoto wa mjomba wakaliwekea mawe pembe nne. Kaliacha pale. Kasafiri mlima mzima kurudi na sweta, mwezi wa Agosti, midomo imepasuka.

Nilimwambia. Sijui sauti ilitoka wapi. Masomo, Kiingereza, nyota, hapana niliyojibu, kiberiti. Yote, nimesimama, natazama ndoo.

Mama akavuta sweta mabegani. Akasema alijua tangu alipoona Kiingereza, alikuwa anasubiri niseme. Kisha: "Ungeniuliza, Khauhelo. Swali lile moja, ningelijua."

Afadhali angenipiga.

Kasema mwisho wa mwezi atajikokota arudi kule na blanketi la heshima, amfunike kaka yake hata kama ni juu ya mawe. Kasema simu nisiiguse tena. Nikaapa kwa mjomba. Nikaapa huku nalia, kamasi na vyote. Kalala jua likiwaka bado, na viatu miguuni. Nimemvua. Nimebadilika. Mtu anajua anapobadilika.

Jumatatu, 18 Agosti

Somo la marudio limefunguliwa leo. Niliona tu, simu ilijiwasha yenyewe kwenye chaji. Sikuigusa. Niliisogeza, maana ilikuwa inaelekea kuanguka.

Mama kachoka. Kesho atasoma kwa kidole tena, mwezi utaisha, na blanketi? Safari hii sifanyi kwa tamaa, nafanya kwa upendo, ni jambo tofauti kabisa. Na nimechagua Kisotho! Ona nilivyojifunza. Nikabadilisha matukio. Msiba, weka. Simu ikauliza ni msiba wa nani. Mjomba hakubaliki tena. Ikabidi awe mtu mwingine wa nyumbani. Nikaandika jina la Nkhono, kwa heshima zote, na umri wake. Nikabonyeza omba fedha.

Imejibu haraka kuliko nilivyotegemea. Ausi Nthatuoa mwenyewe. Anasema poleni sana, misiba miwili kwa wiki, Mungu awatie nguvu. Ombi limepita. Anasema Mama ameshaitwa kutoka kwenye mashine na kuambiwa, ameanguka, amepewa maji ya sukari, sasa yuko sawa kidogo. Laini nzima imeruhusiwa mapema. Wako njiani kumleta, wanaimba.

Nawasikia pale bombani.

Nkhono yuko uani anaota jua, anatafuna mahindi ya kuchemsha. Anauliza nani anakuja na wimbo mzuri hivyo. Nimemwambia aingie ndani kuna baridi, ajilaze kidogo, ajifunike. Hapana, Nkhono. Mpaka usoni.