Maombi ya Kurudishiwa Chupa Moja ya Damu

Lumemo, Ifakara
Alhamisi

Kwa Msimamizi wa Benki ya Damu,

Shikamoo.

Mimi ni Scolastica, mwanafunzi wa kidato cha sita, miaka kumi na minane, kilo hamsini na nusu. Huenda hunikumbuki. Watu wengi hawanikumbuki, na hicho ndicho kiini cha barua hii.

Tarehe sita mwezi uliopita nilitoa damu kwenu kwa ajili ya jirani yetu, Bi Kadija mwenye duka, aliyekuwa akisubiri kupasuliwa tumbo. Ndugu zake wako mbali, na mwanawe Mahmoud mlimrudisha kwa kuwa ndiyo kwanza alikuwa amemaliza dozi ya malaria. Mahmoud alipokuja kuniomba nilikubali, kwa sababu kukataa kunahitaji kuongea.

Kwa heshima zote naomba damu hiyo itolewe mwilini mwa Bi Kadija na nirudishiwe mimi. Sababu zangu ni hizi.

1. Nina aibu, na aibu yangu ni ya ukoo. Bibi yangu Katarina, ambaye tunaishi naye, husema wazi kwamba iko kwenye damu. Babu akiona mgeni anaingia uani alitokea mlango wa nyuma na kukaa shambani hadi mgeni aage. Baba, siku ya ndoa yake, alijibu maswali ya padri kwa kutikisa kichwa, mpaka padri akasema, "Ignas, Mungu amekuona, lakini mimi nahitaji kusikia." Baba mdogo Remigius alihamia Uchindile kufanya kazi kwenye mashamba ya miti kwa sababu miti haisalimii. Ukoo kama huu haukupaswa kusogezwa karibu na sindano.

2. Fomu yenu iliniuliza kuhusu malaria, homa ya ini na chale. Haikuniuliza tabia. Nesi Evelina aliponiuliza kama nina swali, nilikuwa nayo kumi na moja, yote nimeyaandika kwenye daftari, nikajibu "hapana". Jibu hilo peke yake lingetosha kunizuia. Badala yake nilipewa juisi na biskuti, nikasifiwa kwamba ni jasiri maana sikulia. Sikulia kwa sababu kulikuwa na watu.

3. Kabla ya damu yangu, Bi Kadija alisikika kutoka dukani kwake hadi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na mashine ikiwa inaunguruma. Mwaka jana baba mmoja alipenya mbele yangu kwenye foleni ya mashine, nami nikamwambia pole. Bi Kadija alikuwa ng'ambo ya barabara akipima sukari. Alipaza sauti: "We baba! Huyo mtoto si nguzo! Rudi nyuma!" Yule baba alirudi nyuma. Na watu wawili ambao hawakuwa na kosa lolote nao walirudi nyuma.

Tangu atoke kwenu, sasa ni wiki ya tatu, ananong'ona. Salamu anaitikia kwa kichwa. Akichekeshwa anashika tumbo, anafumba macho na kugeukia ukutani, kama ninavyofanya mimi nikisifiwa darasani. Juzi mtoto wa Mama Omega alichukua pipi mbele ya macho yake, naye akamtazama tu. Mtoto aliingiwa na hofu, akairudisha pipi, akaenda kumwambia mama yake kwamba Bi Kadija amefariki.

4. Jumamosi hii kuna mkutano wa mtaa kuhusu mtaro wetu, ambao umeziba tangu mwaka juzi. Kila masika maji yanaingia ndani kwetu hadi usawa wa godoro. Masika iliyopita tulimpandisha bibi Katarina juu ya meza, akalala hapo siku mbili. Mwaka huu miguu yake haipandi tena meza. Vitabu vyangu vyote vina mstari wa tope, na kitabu cha biolojia kurasa zake zimegandana kuanzia sura ya damu hadi sura ya urithi, hivyo hizo sijawahi kuzisoma. Mtu pekee ambaye Mwenyekiti wetu, Mzee Eustaki, humsikiliza ni Bi Kadija, kwa kuwa hana namna ya kutomsikia. Asiposema yeye, mtaro utabaki ulivyo. Na hatasema, kwa sababu yangu.

5. Bi Kadija ni mtu wa shukrani. Akipona naye atataka kuchangia damu, na hapo aibu itapita kwake kwenda kwa wengine. Nimepiga hesabu. Ndani ya miaka sita, bonde zima kuanzia Mkula hadi Uchindile litakuwa linatikisa vichwa tu. Mabasi yataondoka Ifakara matupu, wapiga debe wakiona haya kuwasumbua abiria. Kwaya itasimama, itainama, itakaa. Wafugaji watawaomba ng'ombe radhi.

Naomba basi mtulaze kwenye vitanda viwili, damu irudi ilikotoka. Kama haiwezekani, aongezewe chupa moja ya mtu mwenye kelele. Yupo mpiga debe wa stendi anaitwa Salimu. Nimemchunguza siku tatu nikiwa nyuma ya kibanda cha vocha, na afya yake naiona nzuri. Sijazungumza naye.

Nisalimie Nesi Evelina, mtaalamu wa maabara aliyenitoboa kidole, na yule mzee wa kitanda cha pili aliyelia hata kabla hajachomwa. Mwambie nilimwonea wivu.

Ni mimi, kwa sauti ya chini,
Scolastica

N.B. Leo ni Jumapili. Barua sikuileta Ijumaa kwa kuwa getini kulikuwa na watu.

Jana kwenye mkutano Bi Kadija alikaa kando yangu, kimya, mpaka Mwenyekiti alipouliza kama kuna mengineyo ili afunge. Hapo akanifinya na kuninong'oneza: "Simama useme. Mimi nikipaza sauti mshono unavuta, daktari kanikataza mpaka mwisho wa mwezi. Hata kucheka kanikataza. Msomi mzima hujui mshono?"

Sikujua. Nikasimama, kwa sababu kukataa kunahitaji kuongea. Yeye alinong'ona, mimi nikasema, neno kwa neno: kwamba bibi Katarina si sahani ya kupangwa mezani, kwamba maji yangekuwa yanaingia chumbani kwa Mwenyekiti, mtaro ungezibuliwa hata kwa vijiko. Nilipofika kwenye "na usinitazame hivyo, Eustaki", niligundua kwamba kwenye mashine ya kukoboa watu wamegeuka.

Mzee Eustaki alikohoa, akaandika kwamba uchimbaji unaanza Jumatano. Kisha akauliza, mbele ya mtaa mzima, kati yetu wawili ni nani hasa aliyempa mwenzake damu.

Kwa hiyo nayafuta maombi yote, namba moja hadi tano. Damu ibaki huko huko. Salimu msimsumbue. Ila siku nikihitaji damu mimi, kama makundi yanapatana, naomba nipewe ya Bi Kadija.

Barua hii nimeileta mwenyewe. Nitaiacha mezani kwa mlinzi akiinama kufunga kamba za viatu.