Jinsi Préfet Jean-Baptiste Alivyofuta Video Moja

Sogeeni karibu, enyi wa Kasongo na enyi wa Kabambare, ninyi mnaochimba dhahabu Salamabila na ninyi mnaolima mihogo Wamaza. Lazeni majembe chini, zimeni pikipiki, mtulizeni mtoto aliaye, maana ninakwenda kuwasimulia tendo ambalo babu zenu hawakuliona na wajukuu wenu hawataliamini. Wengine wamesifu watu walioua chui kwa mikono mitupu. Mimi ninamsifu mtu aliyefuta video moja.

Mtu huyo ni Jean-Baptiste, Préfet wa shule yetu ya sekondari, mkuu wa walimu tisa na bendera moja, Mwenye Funguo, Baba wa Kengele, Simba Angurumaye Kabla ya Saa Mbili. Kila asubuhi bendera ikiisha kupanda, yeye naye alipanda juu ya jiwe lililo mbele ya ofisi, akakohoa mara mbili, akatoa Neno la Asubuhi. Neno hilo halikuwa fupi. Wanafunzi walilisikiliza kwa miguu, maana masikio yalikwisha kujiuzulu tangu Septemba. Na mbele ya jiwe alisimama Mamuzel Laetitia, katibu wa shule, msichana aliyemaliza masomo ya juu na mwenye sauti ndogo kama ya mtu anayeomba msamaha, ameshika kwa mikono miwili tableti ambayo mradi mmoja uliwaletea wanafunzi ili wajifunzie hesabu. Kwa tableti hiyo alimrekodi Préfet tangu kikohozi cha kwanza mpaka aksanti ya mwisho. Préfet aliziita video hizo hazina ya historia. Siku ninayoisimulia, hazina ilikuwa na hotuba tisini na saba.

Ikawa asubuhi hiyo Préfet amefika pale asemapo, "Kijana asiye na nidhamu ni sawasawa na," na kabla ulimwengu haujajua kijana huyo ni sawasawa na nini, tableti ikalia ti! na picha ikakatika. Juu ya kioo pakatokea maneno ya Kifaransa, makavu, yasiyojua cheo cha mtu: nafasi imejaa.

"Préfet," akasema Laetitia, "inasema imejaa."

"Imejaa na nini?"

Laetitia akatazama viatu vyake. "Na vitu, Préfet."

Préfet akashuka kutoka jiweni. Na wanafunzi mia mbili wakaingia madarasani dakika ishirini kabla ya desturi, wakimshukuru Mungu kimoyomoyo, kila mmoja kwa dini yake.

Lau ingekuwa siku nyingine, habari ingeishia hapo na historia isingepungukiwa kitu. Lakini mlangoni pa ofisi walikuwa wamekwisha kuketi watu wawili wenye vumbi mpaka magotini: Mama Jeanine, mkulima wa karanga kutoka Lusangi, na Chancelle binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa sita. Juma lililopita wenzake wote walipigwa picha za kuandikishwa mtihani wa Serikali. Yeye alikuwa Wamaza, kwenye kilio cha bibi yake. Na orodha ilikuwa inafungwa siku hiyo hiyo, saa sita kamili mchana. Jina lisilo na picha hukataliwa, na picha haipigwi popote ila ndani ya programu ya uandikishaji, na programu hiyo imo katika tableti ile peke yake. Kumpiga picha kwa simu ya jirani kungekuwa kama kumbatiza mtu kwa soda.

Asiyeandikishwa hungoja mwaka mzima. Kwa mvulana, mwaka ni mwaka. Kwa Chancelle, nyuma ya nyumba ya mjomba wake walikuwa wamefungwa mbuzi wawili, walioletwa na mfanyabiashara wa Salamabila mwenye meno matatu ya dhahabu na wake wawili wa kawaida, na mbuzi hao walikuwa wakila majani na kungoja jibu.

"Jambo, Préfet," akasema Mama Jeanine, akipiga goti kidogo. "Tumefika kwa ile picha ya mutoto."

"Karibu, mama. Ikala kwanza," akasema Préfet, akimwonyesha kiti. "Kuko vita kidogo."

"Hakuna neno, Préfet. Tunangoja."

Saa ilikuwa mbili na robo.

Shujaa akaketi mezani, akailaza tableti mbele yake kama mgonjwa. Akaivua ganda lake. Akaipangusa kioo, akaipangusa mgongo, akapuliza katika kitundu cha waya, akaizima, akaiwasha, akaizima tena akahesabu mpaka mia kwa Kifaransa, akaiwasha. Tableti ikafumbua jicho lake, ikamtazama, ikasema: imejaa.

"Ni kichwa ngumu," akasema Préfet. "Lakini mimi nilisomesha watoto wa hapa miaka kumi na tisa. Kichwa ngumu ninazijua."

Hapo akaanza mauaji. Akaikamata kwa kidole alama ya kamusi, akaiburuta juu ya kioo, akaitupa. Akaitupa ya kikokotoo. Akaitupa ramani ya jimbo letu, akaitupa saa, ikafuata hali ya hewa, na kila moja iliyoanguka aliisindikiza kwa neno la ukali, kana kwamba ilimwibia kuku. Kufikia saa tatu uso wa tableti ulikuwa mtupu kama uwanja wa soko baada ya mvua kubwa. Préfet akajifuta jasho. Akafungua programu ya picha. Imejaa.

Masikini shujaa! Alikuwa amebandua vibao vya milango tu. Wenye nyumba wote walikuwa ndani, wamelala.

Laetitia akakohoa, kikohozi kidogo kuliko vyote vilivyowahi kukoholewa katika ofisi ile. "Préfet, samahani. Zile video, hakuna…"

"Mamuzel! Video isiguswe! Siku moja watu wa Kinshasa watakuja hapa kuuliza elimu ya Maniema ilisimamishwa na nani. Utawaonyesha nini? Kikokotoo?"

Laetitia akanyamaza. Alikuwa fundi wa kunyamaza. Angepewa diploma ya pili kwa kazi hiyo.

Chancelle, aliyekuwa akitazama kwa pembe ya jicho, akamnong'oneza mama yake: "Mama, mimi ni kilo hamusini na mbili tu. Nitakosa nafasi namna gani?"

"Funga kinywa," akasema Mama Jeanine. Kisha kwa sauti: "Hakuna neno, Préfet. Tunangoja."

Saa nne, hekima ikamshukia Jean-Baptiste. Ilikuwa hekima ya nchi yetu, na kosa lake lilikuwa kosa la nchi yetu, ndiyo maana hakuna mtu ofisini aliyelikamata. Akasimama. Akaweka mkono kifuani.

"Musikilize," akasema. "Sisi ni watu wa njia. Chumvi tunatuma Wamaza, mafuta ya mawese tunatuma Salamabila. Unafunga muzigo, unapatia mutu wa pikipiki, anakwenda. Sasa nauliza: kitu ukishatuma, iko tena kwako nyumbani?"

"Haiko!" akasema Mama Jeanine, aliyejua jambo hilo kwa uchungu. "Karanga zangu nikituma, hata gunia hairudi."

"Basi! Tutatuma! Video zitabaki, hazina haiguswi. Lakini kuko mapicha yangu, mia mbili na kumi na mbili. Tutayatuma kwa wazazi. Yatatoka hapa, yatakwenda kukaa kwao."

Oh, jinsi mapicha yale yalivyosafiri! Préfet chini ya bendera, Préfet kando ya bendera, Préfet akiitazama bendera, bendera ikimtazama Préfet. Kumi kumi aliyatia katika kundi la watsapu la wazazi, na mtandao wetu, ambao ni mzee na una baridi yabisi, ukayabeba moja moja ukihema. Laetitia alijua. Alijua kwamba picha si gunia la karanga. Kwamba kila uitumayo hubaki mahali pake, na juu yake nakala nyingine huwekwa katika chumba cha zilizotumwa, hivyo mwenye moja huwa na mbili. Akainua kidole. "Préfet, labda…" Hakuna aliyekiona kidole.

Wala msiba haukuishia hapo. Wazazi wakafurahi. Déo, mwenye pikipiki, baba wa watoto sita, akashukuru kwa sauti iliyorekodiwa dakika nne, na kati ya hizo nne, tatu zilikuwa za injini. Katekista mmoja akatuma video ya jua likichomoza, na wimbo. Mama mmoja akatuma maua yanayometa. Rachida, muuza vitenge, akatuma vitenge vyote alivyopokea juma lile, kimoja kimoja. Na kila asante iliingia ndani ya tableti, ikavua viatu, ikatafuta pa kulala.

Saa tano na dakika ishirini na tano, watsapu yenyewe ikakataa kufunguka. Nafasi imejaa, na sasa maneno yalikuwa mekundu.

Mama Jeanine akasimama, akakung'uta kitenge chake. Uso wake haukuwa na hasira. Heri ungekuwa nayo.

"Aksanti, Préfet. Tuliona unajikaza. Sisi turudie Lusangi mapema, jua lisitupige. Nitaambia kaka yangu apokee wale mbuzi."

Chancelle alikuwa amevaa shati jeupe aliloliazima ili apigwe picha, na sasa alianza kukunja mikono ya shati pole pole, kwa uangalifu, kama mtu anayetaka kulirudisha bila doa.

Na hapo, enyi wasikilizaji, Préfet akalitazama lile shati. Nani ajuaye kilichopita moyoni mwake? Pengine aibu ilipotea njia, ikaingia humo kwa bahati. Akaketi. Akaufungua mlango wa hazina. Hotuba tisini na saba zikajipanga mbele yake, na katika kila moja mtu mdogo mwenye koti la kijivu alikuwa amefumbua kinywa.

"Nitatoa moja," akasema kwa sauti ya mtu aambiwaye achague mtoto.

"Tafazali Préfet, ni saa tano na nusu," akasema Mama Jeanine.

Akaipitia ya Oktoba. Hapana, ile ina methali nzuri. Akaipitia ya siku ya walimu. Hapana, ile alivaa tai mpya. Akaipitia ile aliyokohoa mara tatu badala ya mbili, akasita, akaisamehe. Dakika zilikimbia kama mbuzi waliokata kamba. Mwishowe akafika kwenye hotuba ya siku ya mvua ya Desemba, dakika ishirini na mbili, ambayo ndani yake mvua iligonga mabati hata sauti ya Préfet haikusikika neno moja, mkono tu ukipanda na kushuka. Akazitazama dakika zake tano za mwisho. Machozi yakamlenga. Kisha Jean-Baptiste, Mwenye Funguo, Baba wa Kengele, akakiinua kidole chake cha shahada juu sana, juu kuliko ilivyohitajika, akakishusha.

Ikafutika.

Akajaribu programu. Imejaa.

"Uchawi!" akapaza sauti Préfet.

Haukuwa uchawi. Kilichofutwa kilikuwa kimeangukia katika kikapu cha takataka, kimekaa humo, kinangoja mwezi mzima kama kuna atakayekihurumia. Laetitia hakusema labda. Alinyoosha mkono wake kupita bega la mkuu wake, akakigusa kikapu mara mbili, kikawa kitupu. Hilo halikuandikwa katika daftari la shule, na mkono wenyewe ulirudi nyuma upesi kana kwamba umeiba.

Programu ikafunguka. Saa tano na dakika arobaini na tisa.

"Simama kwa ukuta!" akaamuru Préfet. "Kidevu juu!"

"Préfet, nicheke ao nisicheke?"

"Usicheke! Ni ya Serikali!"

Hakucheka, ila macho yalimtoroka. Picha ikapigwa. Laetitia akaandika jina, akaandika tarehe, akabonyeza, na duara dogo likaanza kuzunguka, likazunguka, likazunguka tena, na watu wanne wakaacha kupumua ili wasiusumbue mtandao. Saa tano na dakika hamsini na saba ikatokea alama ya kijani: imepokelewa.

Mama Jeanine akapiga kigelegele ambacho darasa la mbali zaidi lilikitii na kutoka nje bila ruhusa. Akamkamata binti yake mabega, akamtikisa, akacheka, akamwambia aache kulikunja shati la watu.

Lakini ushindi ulikuwa wa Préfet, na Préfet aliuchukua. Akaigonga kengele kwa mkono wake mwenyewe. Akawakusanya walimu tisa na wanafunzi mia mbili chini ya jua la adhuhuri, akawatangazia kwamba siku hiyo iandikwe katika daftari la matukio kwa wino mwekundu, kwamba mtu mmoja alikuwa na mali yake akaitoa, kwamba katika historia ya elimu ya Maniema ya kusini hakujawahi kufutwa kitu kizito namna ile kwa ajili ya mtoto mmoja.

"Préfet, oyee!" akapaza sauti mwalimu mmoja ambaye ripoti yake ya kazi ilikuwa bado haijatiwa sahihi.

"Oyee!" wakaitikia mia mbili, maana njaa ilikuwa inauma na oyee hufupisha hotuba.

"Na shahidi yuko hapa!" akanguruma Jean-Baptiste, akimvuta Laetitia mbele. "Mamuzel aliona yote. Tangu asubuhi anataka kusema, mimi ninamukata maneno, leo sitamukata. Sema, mamuzel! Sema kwa sauti, hata wa nyuma wasikie!"

Laetitia akatazama viatu vyake. Kisha akainua uso, na sauti iliyotoka haikuwa ndogo.

"Préfet, zile video, hakuna mutu hata mumoja anaziangalia."