Yah: Picha Nne za Fangasi Zilizobandikwa Ukutani Pangu

Gesti ya Bi Hasna,
Mwanga, Kigoma.
Jumatatu, 3 Machi 1997

Ndugu Bwana Afya Crispin,

Salaam nyingi. Mimi sijambo, ukiondoa hasira. Natumai nawe hujambo, na kwamba utaendelea hivyo mpaka umalize kusoma.

Utakumbuka wiki tatu zilizopita ulikuja na ndoo ya gundi ukaniomba ukuta. Nikakupa, nikidhani ni habari za kipindupindu, ugonjwa ambao kila mtu anauheshimu. Kumbe ni karatasi iliyobaki kutoka kambini kwa wakimbizi, yenye picha nne. Namba moja, mapunye: nywele zimekatika mabaka mabaka na ngozi ya kichwa ina magamba. Namba mbili, choa: duara lenye kingo zilizoinuka, katikati pasafi. Namba tatu, mba: madoa yenye unga shingoni na mgongoni. Namba nne, fangasi wa miguu: ngozi nyeupe iliyochambuka katikati ya vidole.

Mimi nilianza na madebe mawili ya mawese, leo nina vyumba sita. Sikuvijenga ili ukuta wangu ufanye kazi ya zahanati. Malalamiko yangu ni haya:

1. Karatasi yako inaambukiza. Hesabu ninayo. Kwa miaka kumi na moja kabla hujaja, wageni wangu wenye fangasi walikuwa sifuri. Wiki ya kwanza ya karatasi wakawa wanne, ya pili tisa, ya tatu kumi na saba. Hawakugusana, walisoma tu. Kwa mwendo huo, kufika Idd Kubwa ugonjwa utakuwa umemaliza Mwanga yote na unateremka Ujiji.

2. Wageni hawaitani tena majina. Dereva Gervasi, anayepeleka mahindi kambini kwa njia ya Kidahwe, mtu mzima mwenye wajukuu, sasa anaitwa Namba Tatu. Juzi niliita, "Namba tatu, chai yako tayari!" nikimaanisha chumba. Wakageuka watu watano, wote wamenuna, na wa chumba namba tatu hayumo.

3. Vitu vya duara ni vingi mno duniani. Mgeni mmoja alilalia kifuniko cha chupa ya chai, akaamka na alama mkononi. Hakuna aliyekubali kukaa naye benchi moja mpaka saa sita mchana ilipofutika. Naomba choa kichorwe upya kiwe pembe tatu. Binadamu hana pembe tatu mwilini, kwa hiyo makosa hayatatokea.

4. Melania, binti wa Kirundi anayenifagilia, alijifunza picha zote akiwa kambini. Anampokea mgeni mzigo kwa mkono mmoja, anamkagua kwa mwingine. "Karibu baba. Geuza shingo. Ee, usikune! Ukioga jikaushe katikati ya vidole, na taulo lisiwe la mwenzio." Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakosei. Mimi kufungua gesti nilidaiwa leseni. Na kutambua ugonjwa wa mtu mbele ya watu nako kuwe na leseni, na Melania anyimwe.

5. Sasa taulo. Nina vyumba sita na mataulo mawili: moja la bluu, jingine lililokuwa la bluu. Kila taulo vyumba vitatu, na yanafuliwa kila Ijumaa bila kukosa. Leo kila mgeni anataka lake, tena lililoanikwa juani. Mataulo sita kwenye kamba moja! Majirani watasema nimefungua wodi.

6. Nilijaribu kuibandua kwa kisu. Yametoka maelezo ya namba nne peke yake, ukabaki mguu mtupu. Sasa kila mwenye lake analipeleka pale: mwenye gauti, mwenye kiatu cha kubana, na Mzee Hamdani wa duka la jirani, ambaye mguu wenyewe ni wa mbao.

Bwana Afya, Alhamisi hii anakuja mkaguzi wa shirika moja kuchagua gesti ya kulaza madereva wao mwaka mzima. Vyumba sita kwa siku mia tatu sitini na tano ni malazi 2,190. Mshindani wangu wa Katubuka ana vyumba vinne na paa linavuja, lakini ukuta wake hauna picha. Naomba karatasi iondolewe kabla ya Alhamisi saa tatu asubuhi, au basi igeuzwe, picha zitazame ndani, ziuelimishe ukuta.

Nisalimie mama Joanitha na watoto, na wote wa ofisini. Yule aliyekoroga gundi mwambie kazi yake nimeiona.

Ni mimi mwenye ukuta,
Bi Hasna binti Mudathir

Nyongeza: Barua hii nimeiandika nimesimama mbele ya karatasi, ninakili nisikosee. Pale namba mbili nimesoma mara tatu. Chini ya sikio langu la kushoto pana duara tangu Ramadhani iishe, na linawasha. Nilidhani ni mkufu. Nimelichora hapa pembeni, ukubwa wake ndio huo. Melania ameliangalia akasema, "Oya, hapana mama. Mkufu hauachi magamba." Na mataulo yale, kila Ijumaa huwa nayajaribu mimi kwanza shingoni nione kama yamekauka. Basi usiibandue. Nimenunua mataulo saba, na Alhamisi yatakuwa kambani mbele ya mlango, mkaguzi ayahesabu mwenyewe. Wewe njoo Jumatano na dawa ya namba mbili, pamoja na yale maelezo ya namba nne, maana vidole navyo vimeanza.