Kunde Zako na Vinundu Vyangu

Jumatatu, 3 Machi

Mama Watoto,

Leo nimepanda kunde zako uani, mistari sita. Zote. Nusu kopo yangu. Nusu nyingine alichukua mdogo wako siku tulipogawana vitu vyako baada ya mazishi. Shemeji huyo anadai zangu zitanifia mkononi. Tutaona! Bwana shamba amenipa pakiti ya bakteria. Nimelowesha mbegu kwa maji ya sukari, nikazipaka ule unga mweusi kivulini. Watajenga vinundu mizizini na kuilisha miche kwa hewa. Kwa hewa! Laiti wanetu wangekuwa na kipaji hicho.

Jumatatu, 31 Machi

Zimestawi kwa kiburi. Bwana shamba amesema ning'oe mche mmoja, nipasue kinundu. Kikiwa cha waridi ndani, bakteria wanafanya kazi. Mmoja, alirudia, kama anayemtuma mtoto dukani. Waridi! Nikatokwa na machozi kidogo.

Lakini mmoja ni ushahidi gani? Nimeng'oa sita.

Alhamisi, 3 Aprili

Shemeji amechungulia uani. Akauliza mbona shamba lina mapengo kama kinywa cha babu. Nikamjibu ni utafiti. Akasema hivyo vinundu ni vipele, kunde zinaumwa. Nikampasulia kimoja. Akasema bahati. Nikang'oa na kumpasulia mistari minne mizima. Akaenda zake. Ushindi!

Jumamosi, 5 Aprili

Shemeji aliuliza, kwa upole kabisa, je, ile mistari miwili iliyobaki?

Yote waridi. Nimefaulu asilimia mia. Shamba limekwisha.

Sina mbegu yako hata moja. Nimekaa jikoni kwenye kigoda chako. Nimekumbuka ulivyokuwa ukinipiga mkono kwa mwiko nikigusa sufuria: "Funuafunua yako hii, tutakula mchele."

Jumamosi, 28 Juni

Shemeji amevuna. Amekuja na kopo, nusu. Nilisubiri kejeli, hazikuja.

"Shika, shemeji," akasema. "Dada angekupa. Ila mikono yako ikae mfukoni."

Nimeapa kwa jina lako.

Jumanne, 8 Julai

Nimepanda zote tangu Ijumaa, na bakteria wao. Namwagilia jioni kwa kopo lako. Mikono iko mfukoni.

Asubuhi nimefukua moja tu, kuona kama imeamka. Imeamka. Nimeifunika tena vizuri. Kesho nitaiangalia ya jirani yake, isije ikajiona imesahaulika.

Nawe huko uliko, unikumbuke.