Mafuta ya Ngamia Wangu Kunyimwa Kiti Ndani ya Giaboksi

Kahin Guleid,
Shamba la mwisho kabla ya mto,
Burat, Isiolo.

Kwa Mwenyekiti, Mama Kui,
Kikundi cha Wakulima Tushikane.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salaam aleikum, na kwa kuwa wewe ni mtu wa kanisa, pia habari. Chagua moja, ile ingine mpe mzee wako Macharia.

Naandika kwa uchungu lakini kwa heshima, tena kwa kalamu nyekundu kwa sababu ile ya buluu mbuzi ametafuna. Jambo ni ile trakta yetu ya kusukuma kwa mkono, ile kuukuu ya magurudumu mawili ambayo kikundi tuliinunua ikiwa tayari na umri wa kuoa. Kwenye foleni ya kulima mimi ndiye wa mwisho. Miche yangu ya vitunguu imerefuka kitaluni mpaka inaniangalia machoni, na mvua iko njiani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwenye mkutano wa oili ya giaboksi ulisimama ukasema kibati cha trakta kimeandikwa oili namba tisini, basi tutie tisini peke yake, tufunge kifuniko, twende nyumbani. Mimi ndiye nilipinga, na sioni haya. Hiyo tisini si inauzwa dukani kwako? Nilisema tangu kaunti zije, hapa Isiolo hata kamati ya choo lazima iwe na mtu wa kila jamii, sasa giaboksi ni nani iachiwe jamii moja? Watu wakapiga makofi. Ukakubali shingo upande, ukasema haya basi, kila mtu alete yake.

2. Wakaleta. Qabale akaja na samli ya ng'ombe, akasema hakuna kitu laini kama hiyo, mguse nywele zake kama ni uongo. Lokaale akaleta mafuta ya mkia wa kondoo. Kaburu akaleta oili aliyomwaga kutoka kwa pikipiki yake, nyeusi kama sufuria ya matanga, akaapa kwamba hiyo imeshazoea kazi. Wewe ukatia kikombe kimoja cha tisini. Mimi nikafika na mafuta ya nundu ya ngamia, nimeyachuja mara mbili kwa kitambaa safi, nikaambiwa giaboksi imejaa! Imejaa kwa nani, Mwenyekiti?

3. Nilipouliza, Kaburu alisema ati mafuta ya ngamia yananuka. Mtu wa oili ya pikipiki ndiye anaongea juu ya harufu! Mimi nimekuwa taniboi, yaani utingo, wa lori la Merti miaka kumi na moja. Sijaona hata siku moja ngamia amekwama njiani kwa sababu ya giaboksi. Lori letu lilikwama kila wiki, na aliyetuletea maji ni ngamia.

4. Hili nimelisahau, lakini lilikuwa kubwa. Liachie nafasi.

5. Tangu mchanganyiko wenu uingie, trakta ikiwashwa inatoa harufu ya harusi, na mbwa wote wa Burat wanaifuata wakidhani wamealikwa. Gia ya mbele imekataa kabisa, inarudi nyuma tu. Lokaale aliiwasha akitaka kulima kwake, ikamvuta kinyumenyume akipiga mayowe, ikapita kwa Qabale, ikakwama kwenye ua wangu. Iko hapo mpaka leo. Nyinyi mnasema ni makosa ya kuchanganya. Mimi nasema ni laana ya aliyeachwa nje.

6. Juzi mke wangu Fahmo alikuja dukani kwako kununua kitu kidogo cha nyumba. Ukamuuliza maswali kama polisi wa kizuizi cha barabarani: ya nini, ya nani, mbona nyingi. Usimtese mama wa watu kwa sababu mume wake ana mdomo.

Kwa hivyo naomba uite mkutano wa dharura. Mafuta yangu yapewe kiti. Iundwe kamati ya kukoroga, mimi niwe mwenyekiti wake. Na hii tisini, ambayo imetawala magiaboksi tangu wakati wa Mzungu, ipumzike muhula mmoja. Msiponisikia nitaenda kwa chifu, nitoke hapo niende kwa gavana, nitoke hapo niende kwa aliyetengeneza trakta, hata kama yuko Ujapani. Nauli mtachanga.

Nisalimie Macharia na meno yake mapya, Kui na mtoto, na Qabale na nywele zake. Kaburu msalimie kidogo tu.

Ni mimi, mkulima wako asiyenyamaza,
Kahin Guleid,
Darasa la nne (nusu).

N.B. Mama Kui, hapa usisome mbele ya watu. Jumapili mkiwa kanisani nilimwaga mchanganyiko wenu kwenye mtungi, nikaosha giaboksi na mafuta ya taa, nikatia tisini. Peke yake. Trakta ilienda mbele kama imeitwa na mama yake, na saa hii vitunguu vyangu viko ardhini. Si pasta wenu husema wa mwisho atakuwa wa kwanza? Baadaye nilirudisha mchanganyiko ndani, maana mimi si mtu wa kuvunja maazimio ya mkutano. Kidogo kilikuwa kimemwagika, hiyo nafasi nikaijaza na nundu, kwa hivyo sasa hakuna jamii imeachwa nje. Na ile cherehani aliyokutajia Fahmo dukani, uliyouliza ni ya aina gani inakunywa lita mbili za tisini, inakusalimia sana.